Kuku Walioshangilia Kimya

Si zamani sana, wala si hapa kwetu, kwa hiyo msomaji asihangaike kutafuta majirani zake humu. Ni katika nchi ya mbali iitwayo Jamhuri ya Upepo Mwanana, ambako joto lilifutwa kwa sheria.

Lilifutwa hivi. Kiongozi wa nchi hiyo, ambaye wananchi walitakiwa kumwita Baba wa Kivuli, alihamia katika jumba jipya lenye mashine hamsini na nne za kupoza hewa. Usiku wa kwanza alijifunika mablanketi mawili. Asubuhi akauliza, hili joto wanalolilalamikia watu kila siku liko wapi? Mawaziri waliokuwa mle ndani wakatazamana. Wakachungulia chini ya meza, wakafungua makabati, hawakuliona. Bunge likaitwa kwa dharura, na Sheria ya Kufuta Joto ikapita kabla ya chai ya saa nne.

Vipimajoto vya zamani vilikusanywa, vikagawiwa vipya ambavyo mistari yake iliishia nyuzi ishirini na nane. Juu ya hapo palibandikwa picha ya Baba wa Kivuli akitabasamu, na wananchi walishauriwa wasichungulie nyuma ya picha. Neno lenyewe halikupigwa marufuku, maana nchi hiyo ni ya watu huru. Ila aliyelitamka alichukuliwa akapumzishwe mahali kwa miezi mitatu. Watu wakazoea. Mtu akichuruzika jasho hadi viatuni, alisema tu kwamba leo kuna mwanga mwingi. Wauza feni waliziuza kama mashine za kufukuzia nzi, na wateja wote walikubali kwamba mwaka huo nzi wamezidi.

Kuna jambo jingine la kujua, nalo ni namna ya kushangilia katika nchi hiyo. Baba wa Kivuli hulala mchana, kuanzia saa sita hadi saa kumi, na kelele humchafua moyo. Lakini ziara za mawaziri hufanyika saa hizohizo, kwa kuwa jioni mawaziri wana mambo yao. Ndipo ikabuniwa Shangwe ya Kimya. Mwananchi hunyoosha shingo mbele, hutanua mikono ikaachana na mbavu, hufungua mdomo wazi, kisha huhema harakaharaka bila kutoa sauti. Watoto hufundishwa darasa la kwanza, kabla ya irabu.

Basi katika mji mdogo wa Kipembe, ndani ya nchi hiyo, aliishi msichana aitwaye Sijaona, mwenye umri wa miaka ishirini na mbili, aliyeishia darasa la saba. Msemaji hakuwa. Alichojua ni kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mlangoni mwa banda, akatazama kuku wake hadi akajua yupi amekunywa na yupi amesimama tu penye maji ili aonekane. Walikuwa kuku wa nyama mia mbili na kumi na wawili, wa wiki nne na ushee, wazito, weupe, wavivu. Zilibaki siku kumi na tano tu waende sokoni.

Banda lilikuwa la Shangazi Kidawa. Mwaka uliopita, wiki hizihizi za mwanga mwingi, kuku mia na sitini walikufa mchana mmoja kabla ya saa tisa, na Sijaona akawachimbia shimo mwenyewe nyuma ya choo. Daktari wa mifugo alikuja akaandika kwamba wamekufa kwa kukosa uvumilivu. Shangazi hakulia wala hakufoka. Safari hii alimpa vifaranga wengine, kisha akaleta kamba ya mbuzi akaitundika msumarini, hapo mlangoni pa banda, palepale Sijaona anapopaona kila akiingia.

"Nakupa hawa," alimwambia. "Wakifika sokoni wazima, banda ni lako, sikuingilii tena. Wakifa, naweka mbuzi wangu, na wewe unakwenda kwa mjomba wako kupalilia mihogo. Mihogo haifi kwa mwanga."

Sijaona akaenda kwenye duka la dawa za mifugo la Mzee Lukuba. Alimkuta mzee ameketi mbele ya mashine mbili za kufukuzia nzi. Duka zima halikuwa na nzi hata mmoja.

"Shikamoo, baba. Nina kuku."

"Marahaba. Wanaumwa nini? Na kabla hujanijibu, usinijibu."

Sijaona akafikiri. Badala ya kusema, akanyoosha shingo, akatanua mikono, akafungua mdomo.

"Ahaa," Mzee Lukuba akasema, akachungulia nje kwanza. "Kuku wako ni wazalendo sana."

Akainama chini ya magunia ya chumvi ya ng'ombe, akatoa paketi sita za unga wa rangi ya machungwa. Ulikuwa na vitamini C na chumvichumvi zile ambazo mwili hupoteza ukihema sana, na magadi kidogo. Akamweleza kwa sauti ya chini kwamba kijiko kimoja kinatosha ndoo moja ya maji yaliyopoa, wanywe asubuhi kabla jua halijapanda, na tena mchana. Chakula aondoe saa nne, arudishe jioni, kwa sababu kuku aliyeshiba huwaka tumboni kama jiko. Kwenye paketi palikuwa na maneno ya kiwandani, lakini mtu alikuwa ameyafuta kwa wino mweusi akaandika juu yake: Unga wa Kupendezesha Maji.

Siku tatu mambo yakaenda vizuri. Kuku walikunywa, wakalala juu ya maranda, wakaamka wakanywa tena. Siku ya nne, Jumatatu, bomba la mji mzima lilikauka, na Sijaona akaenda kupanga foleni kisimani. Aliporudi na ndoo zake saa saba mchana, kuku wote mia mbili na kumi na wawili walikuwa wamenyoosha shingo, mbawa zimeachana na mbavu, midomo wazi, wanahema. Na mlangoni amesimama mtu mwenye koti la sufu.

Alikuwa Bwana Mahimbo, Afisa Mkaguzi wa Hali Njema, Kata ya Kipembe. Maofisa wote wa nchi hiyo walilazimika kuvaa koti la sufu saa za kazi, ili kuonyesha mfano. Bwana Mahimbo alikuwa mnyonge wa sura na mwaminifu wa kazi. Koti lake lilikuwa na ramani nyeupe za chumvi mgongoni, moja kwa kila mwaka wa utumishi.

Sijaona alijua mambo yameharibika. Kuku wanahema, afisa anatazama, sheria ipo. Akaitazama kamba msumarini.

Lakini Bwana Mahimbo alikuwa amevua kofia. Machozi yalimlengalenga.

"Binti," alisema, "umewafundisha wewe?"

"Nini, Bwana Afisa?"

"Shangwe hii. Mimi nina watumishi kumi na mmoja ofisini, kila mwezi nawafanyisha mazoezi, na bado kuna wawili wanaotanua mkono mmoja tu. Hawa wako sawasawa. Tazama shingo hizo."

Sijaona alitazama shingo. Alitamani amwambie kwamba huyu wa kona ile, shingo ikishaanza kulegea hivyo, ana robo saa ya kuishi. Badala yake akasema kuku wanashukuru sana kutembelewa, ila wakishamaliza kushangilia huwa na kiu. Bwana Mahimbo akamsaidia kumimina maji kwenye vyombo, kwa heshima zote, kama anayewahudumia wageni wa taifa. Baada ya nusu saa midomo ikafungika, mmoja mmoja.

"Wamechoka," alisema Bwana Mahimbo, akiandika kwenye daftari.

"Ndiyo, wamechoka," alisema Sijaona.

Kesho yake barua ikaja, yenye mihuri mitano. Ilisema kwamba Alhamisi saa saba mchana, katika Kumbukumbu ya Kufutwa kwa Joto, Mheshimiwa Dakta Dakta Shimbango, Waziri wa Hali Njema, atalitembelea banda la Sijaona na kushangiliwa na kuku. Huyu alikuwa amesoma udaktari mara mbili, wa pili akiwa usingizini, kwa hiyo cheo kilitamkwa mara mbili. Barua ikaongeza kwamba itakuwa kosa la jinai kwa kuku yeyote kufunga mdomo wakati wa hotuba.

Bwana Mahimbo alileta barua hiyo mwenyewe, akakaa siku nzima juu ya ile ndoo, akitazama kuku. Na yeye alikuwa mtazamaji. Saa kumi akasimama akasema amegundua jambo: kuku wakinywa maji ya rangi ya machungwa, ari yao inashuka. Midomo inafungika, mbawa zinarudi. Akamwomba Sijaona amwonyeshe huo unga. Akasoma, Unga wa Kupendezesha Maji. Akazihesabu paketi zilizobaki, nne, akazitia mfukoni mwa koti.

"Nitazitunza hadi Alhamisi ipite."

"Bwana Afisa, bila huo unga watakufa."

"Watakufa kwa nini, binti?"

Swali hilo lilikuwa na jibu moja tu, na jibu hilo lilikuwa na miezi mitatu. Shangazi Kidawa, aliyekuwa anachambua mchele barazani, aliinuka polepole, akaenda kuitoa ile kamba msumarini, akaipima kwa mikono, akairudisha.

"Inatosha mbuzi wanne," alisema, bila kumwambia mtu.

Siku mbili hizo Sijaona hakupumzika. Aliondoa chakula saa nne, alibadilisha maji kila mara, alilowesha magunia akayatundika madirishani, na alipoulizwa alisema anafua magunia. Alirudi kwa Mzee Lukuba, akamkuta amefunga. Mlangoni palikuwa na tangazo kwamba amekwenda kupumzika, kwa hiari, mahali. Kuku walihema lakini hawakufa, isipokuwa walizidi kulegea. Alhamisi jua lilichomoza likiwa tayari limekasirika.

Saa saba msafara ukafika. Magari tisa, vioo vimefungwa, kila moja likiwa na baridi yake ndani. Mheshimiwa Dakta Dakta Shimbango alishuka akiwa amevaa suti ya vipande vitatu, koti la sufu juu yake, na skafu. Turubai halikuwapo, kwa kuwa kivuli katika nchi hiyo ni mali ya Baba wa Kivuli. Wananchi wa Kipembe walijipanga juani. Ndani ya banda, nyuma ya wavu, kuku walikuwa wamekwisha kunyoosha shingo.

Waziri aliwatazama akaridhika, akafungua karatasi.

"Ndugu wananchi, na ndugu kuku," alianza. "Tulipolifuta joto, maadui zetu walituambia haiwezekani. Walituambia jua ni jua. Sisi tukawauliza, jua lilichaguliwa na nani? Leo hii hata ndege, asiye na darasa moja, ameyaelewa maendeleo yetu na anayashangilia. Takwimu zinaonyesha kwamba ubaridi umeongezeka kwa asilimia mia moja na arobaini. Mwakani, Mungu akipenda na bajeti ikiruhusu, Kipembe mtapata theluji."

Akafungua ukurasa wa pili. Kulikuwa na kurasa thelathini na moja.

Sijaona hakuwa anasikiliza. Alikuwa karibu na wavu, anahesabu shingo. Mmoja amelegea, wawili, watano. Yule wa kona alikuwa amefumba macho nusu. Akageuza uso asimwone, na macho yake yakaangukia kwa Waziri.

Waziri alikuwa kwenye ukurasa wa tisa. Mikono yake, bila yeye kujua, ilianza kuachana na mbavu. Shingo ikanyooka mbele. Akasoma neno moja, akapumzika, akasoma nusu ya neno. Kisha karatasi ikashuka, mdomo ukabaki wazi, na Mheshimiwa akaanza kuhema harakaharaka bila sauti.

Umati ulipigwa na butwaa. Waziri anawashangilia wananchi! Haijawahi kutokea tangu uhuru. Bwana Mahimbo alikuwa wa kwanza kujibu; akatanua mikono, akafungua mdomo. Watumishi wake kumi na mmoja wakafuata, na safari hii hata wale wawili walitanua mikono yote. Mji mzima ukamhemea Waziri, Waziri akauhemea mji, kuku wakawahemea wote. Walinzi wa Waziri walitazamana, wasijue kama inaruhusiwa kumgusa mtu aliye katikati ya furaha ya namna hiyo. Skafu yake ilikuwa inadondosha maji.

Sijaona aliliona analolijua. Shingo ya Mheshimiwa ilianza kulegea, na jicho la kushoto likafumba nusu. Akamsogelea Bwana Mahimbo, akamvuta koti.

"Bwana Afisa. Yule hashangilii."

"Nyamaza, binti," alisema Mahimbo kwa pembe ya mdomo, bila kuufunga.

"Mwaka jana niliwatazama mia na sitini wakienda hivyohivyo. Ana robo saa. Akianguka hapa, kwenye kata yako, mkaguzi ni nani?"

Bwana Mahimbo alimtazama Waziri. Akawatazama kuku. Akamtazama Waziri tena, na uso wake ukawa kama wa mtu anayesoma barua mara ya pili na kuielewa. Polepole, kwa mara ya kwanza mchana huo, akafunga mdomo. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa zile paketi nne, zimelowa jasho.

"Fanya haraka," alisema. "Mimi sijaziona."

Sijaona alichanganya kwenye ndoo kubwa, akakoroga kwa mkono, akaingia bandani. Mkono ulikwenda ulikozoea: alimimina kwenye vyombo vya kuku kwanza. Alikuwa amefika cha tatu Mheshimiwa Dakta Dakta Shimbango alipoisikia ile sauti ya maji. Hakuna itifaki iliyoandikwa kwa jambo hilo. Waziri alipiga hatua nne, akapita katikati ya walinzi, akafungua mlango wa wavu mwenyewe, akapiga magoti kwenye maranda, akaingiza uso kwenye chombo kilekile, kati ya majogoo wawili. Akanywa. Kila baada ya funda aliinua kichwa juu, kama wenzake, akameza, akainama tena. Sijaona alimvua skafu, akailowesha ndooni, akamwekea kisogoni. Aliyekuwa mbele yake, yule kuku wa kona, naye alikuwa amefumbua macho.

Walikaa hivyo robo saa nzima. Nje, wananchi waliendelea kushangilia, maana hakuna aliyewaambia waache.

Waziri alipoweza kusimama, alijifuta manyoya, akauliza kwa sauti ya chini ni kitu gani kile. Sijaona akamjibu kwamba ni unga wa kupendezesha maji, Mheshimiwa. Akauliza ni dawa ya nini. Sijaona akasema si dawa ya kitu chochote, kwa sababu hicho kitu hakipo. Mheshimiwa akasema msichana huyu amesoma. Kisha akachukua paketi tatu zilizobaki, akaondoka.

Jioni hiyo redio ilitangaza kwamba Mheshimiwa alizidiwa na furaha akiwa Kipembe, na kwamba hali yake ni baridi. Ilitangaza pia kwamba wataalamu wa nchi wamegundua Kiburudisho cha Dola, unga wa rangi ya machungwa, ambao kuanzia sasa utatolewa kwa waheshimiwa pekee, kwa fomu. Yeyote atakayempa kuku atashtakiwa kwa kudhalilisha kinywaji cha serikali.

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Shangazi Kidawa alisikiliza taarifa yote, akazima redio.

"Umemponya Waziri," alisema, "sasa ponya kuku."

Kesho yake Sijaona akaenda kata akaomba fomu. Alirudi nayo, akakaa juu ya ndoo yake mlangoni mwa banda, akaisoma swali kwa swali, kidole chini ya kila neno, kama alivyofundishwa. Kila akisoma swali, aliinua macho akawatazama kuku, kisha akaandika. Alijibu ukweli mtupu. Je, mwombaji hula kwa gharama za mwingine? Ndiyo. Je, hutumia muda mwingi wa mchana amekaa? Ndiyo. Je, ana mtu wa kumsafishia alipochafua? Ndiyo, kila asubuhi. Je, amewahi kushangilia hotuba ambayo hakuielewa? Ndiyo, Alhamisi. Je, anatarajia kufanya kazi gani? Hapo aliacha wazi. Fomu iliruhusu waombaji wa idara moja kuandikishwa pamoja, kwa hiyo penye idara akaandika Banda, na penye idadi akaandika mia mbili na kumi na wawili.

Bwana Mahimbo alikuja kuhakiki saa saba mchana, kama kawaida yake, na sanduku la Kiburudisho chini ya kwapa. Alisoma fomu mara mbili. Akaenda penye wavu, akasimama. Kuku walikuwa wamekaa, matumbo yamelala chini, mbawa zimelegea, midomo wazi, kila mmoja akisubiri aletewe.

Sijaona alimtazama mgongoni, kwenye zile ramani za chumvi.

"Binti," Bwana Mahimbo alisema, "nimewatumikia hawa miaka kumi na tisa."

Akatoa muhuri, akaupumulia, akagonga. Kisha akaomba naye apewe kikombe kimoja, akanywa amesimama, na alipomaliza akalivua koti akalitundika kwenye ule msumari, juu ya kamba ya mbuzi.

Jumamosi ya wiki ya pili kuku mia mbili na kumi na wawili walikwenda sokoni wazima, na kufika saa nne hakukuwa na hata mmoja aliyebaki. Makao makuu yaliandika kuuliza imekuwaje waheshimiwa mia mbili na kumi na wawili watoke kwenye daftari siku moja. Bwana Mahimbo alijibu kwamba wamestaafu. Makao makuu yaliridhika, kwa kuwa katika nchi nzima hakuna kazi iliyoonekana kusimama.

Shangazi Kidawa aliichukua kamba msumarini akaifunga kati ya nguzo mbili za uani, akaanika khanga zake. Kisha akaja akaketi karibu na mwana wa kaka yake, akivuta upande wa khanga kujifuta jasho lililokuwa likimtiririka shingoni.

"Banda ni lako," alisema. "Lete vifaranga wengine. Mia tatu."

"Na hili joto, shangazi?"

Shangazi alitazama kulia, akatazama kushoto, akajifuta tena.

"Joto gani?" alisema. "Lete na unga."